Shemeji ananiuzia gari la umeme, mume wangu hataki hata kulisikia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, naishi Uyole na mume wangu na watoto wetu wawili. Kazi yangu iko mjini Mbeya na nafanya kwa zamu. Wiki za asubuhi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, na baridi ya huku mwezi wa sita unaijua. Watoto nawapitisha shule kwanza, daladala zinapita zimejaa, konda anakwambia sogea huku hakuna pa kusogea. Wiki za usiku ni bajaji na bodaboda, na mwezi uliopita nimekaa nikapiga hesabu nikakuta zimekula zaidi ya laki na nusu. Kwa hiyo ndani ya nyumba tumekubaliana tununue gari. Tunachogombania ni gari gani.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, yuko Dar na anafanya biashara ya magari. Ana Nissan Leaf la mwaka 2014, la umeme mtupu, halina hata tanki la mafuta. Anataka milioni 13, nusu sasa na nusu ndani ya miezi sita, kwa sababu sisi ni ndugu. Anasema umeme wa elfu mbili kwa siku utanitosha kwenda kazini na kurudi, na kwamba sheli nitaisikia tu kwa jirani. Amenitumia picha ya dashibodi. Imeandika asilimia 100, kilomita 118, na pembeni kulia kuna vijimstari vimepangwa juu kwa chini, mimi nimehesabu tisa. Nilipomuuliza ni nini akanijibu, "Hiyo ni kawaida, shem."

Mume wangu ni dereva wa tanki la mafuta, anapakia Dar anashusha Tunduma, wakati mwingine anavuka hadi Zambia. Yeye anasema gari lisilonguruma halipandi mlima wa Kiwira hata liombewe. Anataka tuchukue IST namba D ya mwalimu mmoja wa Forest, milioni 11 na nusu, petroli, cc 1300. Nikimwambia petroli ni ghali ananijibu kwamba mafuta ndiyo yanayotulisha. Tukifika hapo mazungumzo yanaisha, anawasha simu anaangalia mpira.

Mambo mengine ambayo naona nikuambie. Mama yangu mzazi yuko Kyela, ana presha. Kila mwisho wa mwezi naenda kumwangalia, na nikirudi nabeba mchele kidogo wa kuwauzia wenzangu wodini. Mwezi wa tatu alizidiwa usiku, ikabidi mdogo wangu akodi taksi kumleta Mbeya, na bei aliyotajiwa ilikuwa ya mtu anayejua huna pa kwenda. Pia tumepanga. Mita ya LUKU tunatumia pamoja na wapangaji wengine wawili, kila nyumba inatoa elfu kumi na tano, zikiisha tunachanga tena. Nyumba yetu iko Nsalaga, imefika kwenye lenta. Gari nitalinunua kwa mkopo wa SACCOS, miaka mitatu, unakatwa kwenye mshahara wangu mimi.

Shangazi, mimi moyo wangu uko kwenye lile la umeme. Naogopa mume wangu anakataa kwa ubishi tu, na shemeji naye ameshaanza kusema "shem hataki kutuungisha." Nishauri.

Mama wa Wawili, Uyole

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Nianze na jibu, halafu sababu zifuate: hilo Leaf la shemeji yako usilichukue. Sisemi hivyo kwa kuwa umeme ni mbaya au kwa kuwa mume wako yuko sahihi. Kwenye hesabu ya fedha wewe ndiye uliyeona vizuri kuliko wote wawili, na hilo nitakuonyesha sasa hivi ili ukienda kuzungumza naye usiende mikono mitupu.

Tuseme kwenda kazini, kupitisha watoto na kurudi ni kilomita 30 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni kilomita 720. IST kwa milima yetu na foleni ya Mwanjelwa tuipe kilomita 13 kwa lita, na petroli tuiweke shilingi 3,000 ili hesabu iende vizuri, wewe weka bei ya Mbeya ambayo EWURA wanaitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Utachoma lita 55, yaani kama shilingi 166,000. Leaf kwa safari hiyohiyo linakula yuniti 17 kwa kila kilomita 100 ukihesabu na zile zinazopotea njiani wakati wa kuchaji. Ni yuniti 122. Yuniti moja kwa mteja wa kawaida ni 292, ukiweka VAT na tozo zake inafika 356, ndiyo maana elfu kumi inakupa yuniti 28 ikiwa hujakatwa kodi ya jengo. Yuniti 122 ni kama shilingi 43,500. Tofauti ni zaidi ya laki na ishirini kila mwezi, na hapo sijagusa kumwaga oili ya injini, plagi wala filta ya oili, vitu ambavyo Leaf halina. Shemeji yako aliposema elfu mbili kwa siku hakukudanganya.

Kuna kingine cha kumwambia mume wako. Bei ya petroli inapanda na kushuka kila mwezi kwa mambo ya dola na vita za watu wa mbali, na sisi wa nyanda za juu tunalipia juu yake nauli ya kuitoa Dar. Bei ya yuniti imekaa palepale kwa miaka. Yeye anayeendesha lile tanki anajua vizuri kuliko mimi kwa nini lita ya Mbeya haifanani na lita ya Dar. Na kwa kweli, kwenye kesi hii yeye ni shahidi mwenye maslahi.

Sasa mlima. Hapo mume wako amekosea. Mota ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu tairi linapoanza kuzunguka, na nguvu ya kuvuta ya Leaf ni zaidi ya maradufu ya IST ya cc 1300. Tena injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Uyole mko kama mita 1,800. Kwa hiyo hiyo IST, hata ikiwa nzima, inafika kwako imeshaacha sehemu ya nguvu zake huko chini. Yeye haoni hilo kazini kwa kuwa lori lake lina turbo. Mota ya umeme haivuti hewa, haijali uko Kyela au Kitulo. Na kwenye kushuka ndiyo kabisa: ukitoa mguu, mota inageuka kuwa jenereta, inashika gari na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Mwambie ni kama ile ekzosi breki yake, tofauti ni kwamba hii inamlipa. Ataelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Basi kama fedha ni nzuri na mlima linapanda, kwa nini nasema usilichukue? Turudi kwenye picha uliyotumiwa.

Vile vijimstari vya kulia kabisa havionyeshi chaji iliyomo, vinaonyesha betri yenyewe imebaki na uwezo kiasi gani. Leaf likitoka kiwandani lina 12. Wa kwanza unazima uwezo ukishuka chini ya asilimia 85 hivi, na kila unaofuata ni kama asilimia 6. Ukiona tisa, betri imebaki na theluthi mbili au zaidi kidogo tu ya ilivyokuwa. Ile asilimia 100 uliyoiona haipingani na hilo: debe lililobonyea nalo hujaa, ukilimimina ndiyo unajua limebeba nini. Betri ya Leaf la 2014 ilizaliwa na kilowati-saa 24, ambazo ndizo yuniti zako za LUKU, na hata ikiwa mpya gari halikuruhusu kuzitumia zote. Kwa mistari tisa umebaki na kama yuniti 14 au 15 za kutembelea. Zile kilomita 118 gari limezikisia kwa jinsi lilivyokuwa likiendeshwa huko Dar, barabara tambarare, bila mzigo. Litakapofika Uyole litakisia upya.

Na tahadhari moja hapo: kuna mafundi wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili mistari iwake yote 12 kwa muda. La shemeji linaonyesha tisa, maana yake hajafanya mchezo huo, na hilo nampa heshima yake. Siku ukienda kununua Leaf jingine kwa mtu usiyemjua, usiamini mistari peke yake. Kuna programu ya simu inaitwa LeafSpy, unachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na hali ya kila seli. Muuzaji akikataa usichomeke, umeshapata jibu.

Sasa tufunge safari ya Kyela, maana hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Kutoka Uyole unapanda kwanza hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000, halafu unashuka Kiwira, unapita Tukuyu, unateremka mpaka Kyela ambako ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Kwenda, utafurahi. Utafika Kyela na chaji imebaki, utampigia shemeji kumshukuru. Kurudi ni habari nyingine. Gari hilo na watu na mchele wako ni karibu tani moja na nane, na kulinyanyua tani hizo mita 100 kunataka zaidi ya nusu yuniti, acha ule umeme wa kusogea mbele. Toka Kyela hadi Tukuyu ni kama kilomita 50 na kupanda mita 1,000 na ushee. Kusogea ni yuniti 7, kupanda ni karibu 6. Jumla 13. Umetoka Kyela na 14 au 15. Yaani umechaji usiku kucha kwa mama, umejaza asilimia 100, na Tukuyu unaingia gari linakupigia kelele, huku mlima wa kwenda Isyonje bado uko mbele yako wote. Safari nzima mpaka Uyole inataka kama yuniti 23. Hata siku gari hilo lilipotoka kiwandani lisingefika.

Na likizima, Leaf haliburutwi kwa kamba kama IST. Magurudumu ya mbele hayatakiwi kuzunguka chini, inabidi libebwe. Tena usiku, na mama yuko kiti cha nyuma.

Wala usije ukaambiwa kwamba chaja za njiani zinakuja. Zije, tutazipokea. Ila mkopo wako unakatwa kuanzia mwezi ujao, kwa hiyo nunua gari linalofanya kazi kwa umeme wa nyumbani kwako tu, na chaja ya njiani ikitokea iwe nyongeza. Hapo hapo muulize shemeji swali dogo: hilo gari atalifikishaje Mbeya? Ni zaidi ya kilomita 800, na Kitonga ikiwa katikati. Kama jibu ni kulipandisha juu ya lori, muulize nani analipa, maana kwenye ile milioni 13 sikuisikia.

Mtu mwingine angeniandikia kwamba anatoka Soweto kwenda Mafiati na kurudi, mama yake yuko Iyunga, na nyumbani ana gari jingine, ningemwambia alichukue hata na mistari yake tisa, amkate shemeji bei. Kwa kilomita 30 kwa siku betri hiyo ina nafasi ya kutosha. Na hali ya hewa yetu ingeisaidia kuishi: betri za Leaf hazina mfumo wa maji wa kuzipoza, joto ndilo linalozimaliza, na miaka iliyokaa Dar imeizeesha kuliko ingekaa Mbeya. Baridi yetu inapunguza kilomita kidogo asubuhi, na hita inakula betri kwa kuwa hakuna injini ya kutoa joto la bure, lakini sweta unalo. Tatizo ni kwamba wewe unanunua gari moja tu la nyumba nzima, na kazi ngumu kuliko zote ya gari hilo itakuwa usiku mmoja usiojua tarehe yake, kupandisha mlima kutoka Kyela.

Jambo la pili, ambalo pengine lingewagombanisha mapema zaidi, ni LUKU ya pamoja. Nyumba tatu, elfu kumi na tano kila mmoja, jumla 45,000. Gari lako peke yake litakula 43,500. Hebu fikiria siku ya tano ya mwezi umeme umekata, mpangaji wa chumba cha mbele ana taa mbili na pasi, anatoka nje anaona waya umetoka dirishani kwako umeingia kwenye gari. Utamweleza nini? Hata ukisema utaongeza mchango wako, atakuhesabia yuniti kila asubuhi. Kuna mita ndogo za kupachika ndani, fundi anakuwekea ujue gari limekula kiasi gani, na inasaidia kwa watu waelewa. Lakini wapangaji wenzako hawakuombwa ushauri gari hilo lilipokuwa linanunuliwa, na mwenye nyumba naye bado hajasema neno.

Halafu nyaya. Gari likichaji kwenye soketi ya kawaida linavuta ampia 10 mfululizo, siyo dakika tano kama birika. Kwa safari yako ya siku ni saa mbili tatu, kwa kujaza betri yote ni saa saba nane. Soketi iliyolegea inachemka, plagi inageuka rangi ya kahawia, na ekstensheni ya elfu nane ya Mwanjelwa ndiyo usiitaje kabisa. Chaja nyingi zinakagua pia kama nyumba ina athi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini, zisipoiona zinawasha taa nyekundu na kukataa, na nyumba nyingi za kupanga ile fimbo ya athi ama haipo ama imechomekwa kwa ajili ya mkaguzi. Watu huhisi gari ni bovu kumbe ni nyumba. Na waya uliokuja na magari ya Japani umeandikwa 200 V wakati huku kwetu ni 230, usikubali fundi akate kichwa chake na kufunga plagi yetu akakwambia twende kazi. Nunua chaja ya 230.

Kuhusu mafundi sitasema mengi. IST ikikusumbua Igawilo utapata mtu wa kuifungua kabla hujamaliza chai, na spea zake zipo hadi kwenye vibanda. Leaf lina waya za rangi ya chungwa zenye karibu volti 400 ambazo fundi wa kubahatisha hatakiwi kuzigusa. Siku ya kuuza pia, IST inaondoka ndani ya wiki. Leaf lenye mistari saba baada ya mkopo wako wa miaka mitatu sijui ungemuuzia nani, na shemeji hatalirudisha.

Kwa hiyo mwanangu, chukua IST. Siyo kwa sababu ni gari zuri sana, ni gari la kazi tu, na hiyo ya namba D usiinunue kwa kuwa ni ya mwalimu. Ipelekeni kwa fundi wenu siyo wake, asubuhi injini ikiwa ya baridi, msikilize inavyowaka. Ipandisheni mlima muone kama joto linapanda na kama gia zinasita. Angalieni kadi ya gari ina jina la nani, na umiliki uhamishwe TRA kabla hujamaliza kulipa. Kama mtapata hybrid, yaani la petroli na mota ya umeme pamoja, kama Toyota Aqua kwa bei inayokaribia hiyo, itazameni pia, haichomekwi popote na inakunywa kidogo, ila betri yake nayo ipimwe.

Kwa mume wako nenda na hesabu ya 166,000 na 43,500 mkononi. Mwambie umekubali petroli kwa ajili ya mama na kwa ajili ya LUKU, siyo kwa ajili ya kunguruma. Ni vizuri alijue hilo, maana mazungumzo haya mtayarudia. Na kwa kuwa gari hili linanunuliwa kwa mshahara wako, mafuta yake mgawane, mtu wa tanki asikuachie sheli peke yako.

Shemeji ndiye usimwachie mume wako amjibu, atamjibu vibaya. Mpigie wewe, mshukuru kwa kukufikiria, mwambie gari lake lingekufaa kama mama angekuwa mjini, na kwamba akipata Leaf la kuanzia mwishoni mwa 2017, lenye betri ya yuniti 40, akuambie mapema. Betri hiyo ikiwa na afya nzuri inafika Uyole kutoka Kyela. Asikuagizie tu bila kukuuliza, kwa sababu gari likishafikisha miaka minane tozo ya uchakavu inaingia, piga mahesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA. Kwa mtindo huo hutakuwa umekataa kumuungisha, umempa oda. Ile ya nusu sasa nusu baadaye nayo, siku ikifika, iandikwe, hata kama mlikula wali sahani moja.

Na Nsalaga, kwa kuwa bado mko kwenye lenta, ongea na fundi umeme kabla ya plasta. Mwambie atoe laini ya peke yake kutoka kwenye meni switchi hadi mahali gari litakapolala, waya wa milimita za mraba 6, na swichi yake ya kujizima yenyewe, na athi iliyochimbiwa kweli ikapimwa kwa mita mbele yako, kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Gharama yake sasa ni ndogo, ukuta ukishapakwa rangi ni kubomoa. Mkihamia mtakuwa na LUKU yenu wenyewe. Ila ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa yuniti msiiwekee matumaini, ni ya wanaoishia yuniti 75 kwa mwezi, na gari peke yake linazidi hapo.

Shangazi